Wenzangu tusioamini, huo uhakika kwamba waamini wamekosea tumeutoa wapi?

Fundi wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Uzi huu ni mrefu. Nimeuandika kwa siku nne kibandani kwangu Kirumba, hapa Mwanza, kati ya mashine moja na nyingine. Nawaandikia hasa wale ambao, kama mimi, hawaamini kuwa kuna Mungu. Waamini karibuni pia, ila leo ubishi wangu ni na watu wa upande wangu.

Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu niache kuamini. Nimekulia Sengerema, nimetumikia altareni, rozari naijua mpaka leo. Sikuacha kwa hasira. Maswali yalizidi majibu mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja nikajikuta nasali huku najua sisemi na mtu.

Mwezi uliopita tumemzika mdogo wangu. Alikuwa mvuvi wa dagaa. Walitoka wanne usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Upepo ukawakuta mbali na nchi kavu, mashine ikazimika, mtumbwi ukapokea mawimbi ubavuni ukapinduka. Wawili waliokoka wakiwa wameng'ang'ania madumu. Mdogo wangu aliopolewa siku ya tatu.

Usiku wa pili wa msiba akina mama walikuwa wanasali. Mama akasema, "Mungu amempokea, hateseki tena." Nilikuwa sijalala tangu tulipopata habari. Nikasema mbele ya watu wote: "Mama, hakuna aliyempokea. Hakuna Mungu. Nina hakika."

Hakukasirika. Alinitazama, akaniuliza: "Ng'wanone (mwanangu), huo uhakika umeupata wapi?"

Wakuu, sikuwa na jibu. Angeniuliza kwa nini siamini ningeongea mpaka alfajiri. Yeye aliuliza kitu kingine, na tangu usiku ule swali hilo halijaniacha.

Tuanze na maneno, kwa sababu humu tunayachanganya sana. Kusema "siamini kwamba yupo" ni jambo moja. Kusema "naamini hayupo" ni jambo la pili. Kusema "nina hakika hayupo, na mama yangu amekosea" ni la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1869 mwanasayansi Thomas Huxley wa Uingereza alibuni neno la agnostiki kwa sababu aliona watu wa pande zote mbili wanadai kujua jambo ambalo yeye hakuona njia ya kulijua. Hata Richard Dawkins, mwanabiolojia Mwingereza ambaye wengi humu mnamtaja kama nabii, katika kitabu chake cha mwaka 2006 aliweka ngazi saba, kutoka anayejua kwamba Mungu yupo hadi anayejua kwamba hayupo. Yeye mwenyewe alijiweka ya sita akiielekea ya saba. Sasa sisi wa Mwanza tumepandaje ya saba?

Mimi ni fundi, niruhusuni niseme kifundi. Mtu akiniletea mashine isiyowaka akasema plagi imekufa, nina njia ya kujua kama amekosea. Naichomoa, naigusisha kwenye chuma, navuta kamba. Cheche ikiruka, plagi ni nzima, tunatafuta ugonjwa kwingine. Uhakika huo una mahali ulipotoka: alisema kitu kinachopimika, nikakipima, kikashindwa.

Kuna madai ya kidini ya namna hiyo, na kwa hayo sirudi nyuma hata hatua moja. Miaka michache nyuma mhubiri mmoja alipita mialoni, mitumbwi inapotia nanga, akiuza mafuta ya upako. Alisema mtumbwi uliopakwa hauzami. Iliyopakwa ilizama. Alikosea, nina hakika, na nikikutana naye nitamwambia usoni. Anayetangaza siku ya mwisho wa dunia, siku ikapita na watu wakaamka wakaenda sokoni, naye amekosea. Hapo hakuna haja ya unyenyekevu wowote.

Lakini Mungu wa mama yangu hakuahidi kwamba mtumbwi hautazama. Mama amezika watoto watatu na bado anasali. Ukimwuliza mbona Mungu hakuzuia, anasema njia zake hazichunguziki. Najua mtakachosema: kauli ambayo hakuna tukio linaloweza kuishinda haina kitu ndani. Nakubali kwamba haina nguvu ya kunifanya niamini. Ila angalieni vizuri. Sababu ile ile inayoifanya ishindwe kuniaminisha ndiyo inayoninyima uhakika wa kuikana. Plagi isiyochomoka siwezi kuapa kwamba ni nzima, na siwezi kuapa kwamba imekufa.

Kuna kitu kingine tunakichanganya: kuwa sahihi na kuwa na haki ya uhakika. Tarehe 3 Agosti 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alisimama kwenye kilima maeneo haya ya Mwanza akaliona ziwa letu, Victoria. Aliona kipande tu, tena kilichojaa visiwa. Alikaa siku chache, hakulizunguka, hakuona mahali maji yanapotoka ziwani kuwa mto. Akarudi kwa mwenzake Richard Burton, aliyekuwa mgonjwa kule Tabora, akamwambia amekipata chanzo cha Nile. Burton alikataa, na mimi nasema alikuwa na haki ya kukataa, kwa sababu Speke hakuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka 1862 Speke alifika mahali hapo maji yanapotoka, kule Uganda, na bado Burton na wapinzani wengine hawakuridhika. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwaka 1864, siku moja kabla ya mkutano ambao yeye na Burton walikuwa wamepangiwa kukabiliana. Msafiri mwingine, Henry Stanley, ndiye aliyelizunguka ziwa lote mwaka 1875, akianzia Kageye, hapa hapa mwambaoni kwetu, na ubishi ukaisha. Kumbe Speke alikuwa sahihi tangu siku ile kilimani. Lakini siku ile alikuwa amebahatisha. Huenda na mimi niko sahihi kuhusu Mungu. Nikiwa sahihi, bado nimesimama kilimani natazama ghuba moja.

Na ninyi waamini msishangilie. Wazee wa Ukerewe na Buhaya walimheshimu Mugasa, roho mwenye ziwa. Wavuvi walimtolea sadaka kabla ya kuingia majini. Muulizeni paroko au shehe kama Mugasa yupo: atasema hayupo, au ni pepo tu, na hatasitasita. Amepimaje? Hajapima. Amelelewa kwingine. Uhakika wenu juu ya Mugasa umetoka mahali pale pale ulipotoka wangu juu ya Mungu wenu, nao hautoshi. Kama swali la mama linanibana mimi, linawabana na ninyi.

Msimamo wangu kwa sasa: siamini, nina sababu zangu, nazitetea popote. Uhakika kwamba mama amekosea sina, na nilimwambia ninao usiku ambao hakustahili kuambiwa hivyo. Kama kuna mwenye njia ya kunifikisha ngazi ya saba, aseme. Nitasoma kila mchango.

Mla Furu

Mkuu, pole sana kwa msiba. Ila kwa hoja umejikunja bila sababu. Mwaka 1952 mwanafalsafa Bertrand Russell alitoa mfano wa buli la chai linalolizunguka jua kati ya Dunia na Mirihi, dogo kiasi kwamba hakuna darubini inayoliona. Huwezi kuthibitisha kwamba halipo. Je, utasema huna hakika? Wewe, mimi na mama yako wote tuna hakika kwamba hakuna buli huko. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai. Mbona kwa Mungu tu ndipo mnalegeza kamba?

Fundi wa Mwaloni

Ahsante kwa pole, mkuu. Mzigo ni wa anayedai, sawa. Ndiyo maana siamini. Ila mtu akishindwa kuubeba mzigo wake, haina maana kwamba mimi nimeubeba wangu.

Kuhusu buli, jiulize uhakika wetu unatoka wapi. Mabuli tunayajua. Yanafinyangwa na watu, yanachomwa, yanauzwa madukani, na tunajua hakuna aliyebeba buli akaliacha kati ya Dunia na Mirihi. Uzoefu wote huo ndio unaotupa hakika. Sasa nionyeshe uzoefu tulionao wa namna ulimwengu unavyoanza, na mara ngapi umeanza bila muumba. Tunao mmoja tu, na tumo ndani yake. Na Russell mwenyewe, mwaka 1947, alieleza kwamba akizungumza na wanafalsafa angejiita agnostiki, kwa vile hakuwa na hoja ya mwisho ya kuonyesha hakuna Mungu, ila kwa mtu wa kawaida angejiita mkanamungu. Alijua tofauti.

Mwalimu wa Nyegezi

Fundi, umeruka njia moja, na ni kubwa. Ziko hakika zisizohitaji kuchomoa plagi. Nina hakika hakuna pembetatu yenye pembe nne, wala sihitaji kuzunguka dunia nikiitafuta. Jambo linalojipinga lenyewe halipo, basi. Mungu anayefundishwa makanisani na misikitini ni mwenye uwezo wote, ajuaye yote, mwema kabisa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha mv Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikibakiza mwendo mfupi kufika. Walikufa zaidi ya watu 200. Alijua, aliweza, alikuwa mwema, na hakuzuia? Chagua kimoja ukifute. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie aliiandika hoja hiyo kwa ukamilifu: sifa hizo na uovu haviwezi kukaa pamoja. Kama ni kweli, una uhakika unaoutafuta.

Mzaliwa wa Ukara

Mwalimu, mimi nilikuwa pale ufukweni siku zile. Nilisaidia kubeba. Sitaki kivuko kile kiwe mfano wa darasani, lakini kwa kuwa umekitaja, maliza habari. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai, ndani ya kivuko kilichopinduka. Watu tulianguka magoti palepale. Jirani yangu, aliyempoteza mke, hakupiga magoti. Alisema, kama amemtoa huyu, kwa nini wangu amemwacha? Wote wawili, aliyepiga magoti na aliyesimama, walikuwa wanatazama maji yale yale. Sijawahi kuona mtu aliyeweza kumwambia mmoja wao kwamba ana hakika amekosea.

Fundi wa Mwaloni

Mzaliwa wa Ukara, nimesoma mara tatu. Pole kwa uliyoyabeba.

Mwalimu, hoja yako ndiyo iliyonitesa kuliko zote, kwa sababu ni kweli: kama kuna mgongano wa maneno, kuna uhakika. Niliisoma nilipoacha kuamini na nikadhani imemaliza kazi. Halafu nikasoma majibu. Mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga alionyesha kwamba ili kuokoa maneno yasijipinge inatosha iwezekane kwamba Mungu ana sababu ya kuruhusu, hata kama hatuijui. Hahitaji kuitaja. Jibu hilo halinifariji hata kidogo, lakini linaikata kamba uliyotaka kunifungia. Baada ya hapo hoja ikabadilika sura. Mwanafalsafa William Rowe, ambaye naye hakuamini, aliandika mwaka 1979 kwamba mateso yasiyo na faida yoyote tunayoiona yanatupa sababu nzito ya kutoamini. Sababu nzito, siyo uthibitisho. Na katika makala hiyo hiyo akasema mtu asiyeamini anaweza kukubali kwamba baadhi ya waamini wana akili timamu katika kuamini kwao, kwa yale wanayoyajua. Hapo ndipo nilipo mimi. Ninapokumbuka mdogo wangu alivyotolewa majini, uzito wa mzani uko upande wangu. Lakini mzani ulioegemea bado ni mzani.

Binti Mkolani

Assalaam alaykum na poleni. Nachangia nikiwa Muislamu. Nimependa neno uhakika, kwa sababu sisi tunalo neno yakini na lina daraja zake. Kuna yakini ya elimu na yakini ya jicho, zimetajwa katika Surat at-Takathur. Kuna na ukweli wa yakini, umetajwa katika al-Waqia na al-Haqqa. Walimu wetu hutoa mfano wa moto: kuambiwa kuna moto, kuuona, na kuungua. Kwa hiyo Mwislamu hadai kwamba kila anayeamini ameshafika daraja ya mwisho.

Na Imamu al-Ghazali, mwanachuoni wetu mkubwa wa zamani, alipitia shaka kali. Alisema jicho linaiona nyota ndogo kama dinari, na hesabu inaonyesha ni kubwa kuliko dunia, kwa hiyo hata jicho halikumtosha. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha kufundisha Baghdad akaondoka. Hakutolewa katika shaka kwa kupanga hoja. Alisema ni nuru aliyotiwa kifuani. Kaka, nuru hiyo huwezi kuipima kwa plagi, nami siwezi kukuonyesha. Ila usiseme uhakika wangu wote umetoka kwenye malezi. Sehemu umetoka huko, sikatai. Sehemu nyingine ni ya sijida ya usiku, na hiyo hujaifika.

Fundi wa Mwaloni

Waalaykum salaam dada. Umenisahihisha, na nimepokea. Nilisema uhakika wenu umetoka kwenye malezi kana kwamba nimeingia vifuani mwenu. Kilichobaki kati yetu ni hiki: watu wa dini tofauti, na wazee waliomheshimu Mugasa pia, walikuwa na nuru zao za usiku, na nuru hizo hazikuwaambia jambo moja. Kwa hiyo siwezi kuitegemea ya mtu mwingine. Lakini kwamba si kitu, hilo siwezi kusema.

Katekista wa Zamani

Kijana wangu, unarudi nyumbani taratibu. Mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew alitetea ukanamungu maisha yake yote, na mwaka 2004 akatangaza kwamba amekubali kuna Mungu. Usichelewe.

Fundi wa Mwaloni

Shikamoo mzee. Flew alikubali Mungu aliyeanzisha ulimwengu. Hakuwa Mkristo, na hakuamini maisha baada ya kifo. Mungu huyo asingempokea mdogo wangu. Sirudi, mzee wangu, na sitaki ukalisikie hilo kutoka kwa mwingine. Ila kuja kusali nyumbani kwetu siku ya arobaini unakaribishwa.

Mjukuu wa Magu

Nimesoma kimya mpaka hapa. Naomba niwaambie kitu. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu. Amepika kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, macho yatakuwaje? Mtoto wa jirani akafa, mganga akapiga ramli, bibi akatajwa. Tulimhamisha usiku, yuko mjini kwetu mpaka leo, shamba lake analima mtu mwingine. Waliokuja na mapanga walikuwa na hakika kabisa. Msituletee huu unyenyekevu wa "hatuwezi kujua" hadi huko. Mnajua mnachofungulia mlango?

Fundi wa Mwaloni

Dada yangu, hapana, na nashukuru umekuja kunibana hapo, kwa sababu sikuliandika na nilipaswa kuliandika kabla ya Speke na Dawkins. Bibi yako hakumuua mtoto yule. Hilo nalisema kwa hakika. Macho yanaharibiwa na moshi, daktari yeyote anakuonyesha. Mganga alidai jambo la hapa duniani, lenye jina la mtu na siku ya tukio, na madai ya namna hiyo yanapimika, yanashindwa kila yanapopimwa, na watu wanauawa kwa ajili yake. Vivyo hivyo wanaowinda ndugu zetu wenye ualbino wakiamini viungo vyao vinaleta dhahabu au samaki. Wamekosea, na ni wauaji. Anayechukua maneno yangu kuwatetea hao ameniibia.

Mpe bibi salamu zangu. Shikamoo yake.

Mla Furu

Mkuu, umepotea siku tano. Umeshasema na mama?

Fundi wa Mwaloni

Nilivuka na kivuko cha Kamanga Jumapili. Nilimkuta anaanua dagaa kabla mvua haijafika, nikamsaidia, tukaingia ndani. Nikamwambia: "Mama, usiku ule nilisema nina hakika. Sina. Siamini bado, ila hakika sina, na nisingesema vile."

Akasema, "Nilijua huna. Baba yako alikuwa akiongea hivyo hivyo akizidiwa."

Halafu akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo muda wote. Kitu gani kilizima mashine ya mdogo wangu?

Nilikuwa nimeshaifungua. Kabureta ilijaa maji, lakini mashine iliyozama lazima iwe na maji, kwa hiyo hilo halithibitishi kitu. Nikamwomba dumu ambalo walikuwa wamebakiza nyumbani, petroli iliyonunuliwa siku ile ile. Nikamimina kwenye chupa nyeupe, tukaiweka dirishani tukasubiri. Maji yakatuama chini, vidole viwili, na petroli juu yake. Mama akaona kwa macho yake.

Nikamwambia: kwamba petroli ilikuwa na maji, nina hakika. Kwamba ndiyo yaliyozima mashine usiku ule, naamini.

Akaishika ile chupa muda mrefu. Kisha akaniuliza waliinunua wapi.